Jina, Kisima na Umbali: Uhakiki wa Lugha ya Ramani za Kidijitali katika Ufundishaji wa Jiografia na Sayansi, Lobule, Uganda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dai kwamba programu za kuchora ramani zikishafika darasani, ufundishaji wa jiografia na sayansi utaboreka wenyewe. Kwa kuzingatia mazingira ya Lobule, wilayani Koboko, tunajenga hoja kuwa lugha ya ramani ni sehemu ya maarifa yanayofundishwa. Tunachunguza istilahi, majina ya mahali na dhana ya umbali, kisha tunatoa mapendekezo kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Lobule iko kaskazini-magharibi mwa Uganda, takribani nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta na nyuzi 31 mashariki, katika Wilaya ya Koboko iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005. Makazi ya wakimbizi yaliyopo huko yanahifadhi hasa watu waliotoka Kongo. Mpaka wa Kongo uko karibu, wa Sudan Kusini hauko mbali, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu.

Mipaka hiyo ilichorwa na watu wasioishi huko. Kwa mkataba wa 1894, eneo la Lado lilikodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka 1910 likarudi chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lobule anayefundishwa ramani anafundishwa chombo kilichoamua nani aitwe mwenyeji na nani aitwe mkimbizi. Hii ndiyo sababu swali la lugha ya chombo hicho haliwezi kuachwa hadi mwisho wa mradi, kama rangi inayopakwa baada ya nyumba kwisha.

2.0 Istilahi: maneno yaliyopo na yasiyotumika

Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Katika shule za msingi za Tanzania zinazofundisha kwa Kiswahili, mwanafunzi hukutana na jina la ramani, ufunguo, dira, fremu na skeli, ambayo wengine huiita kipimio. Programu huria kama QGIS, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, inaongeza dhana nyingine, na ya kwanza ni ile ya kupanga taarifa moja juu ya nyingine: barabara juu ya mito, visima juu ya barabara. Tunapendekeza dhana hiyo iitwe tabaka, kwa kuwa mwanafunzi amekwisha kukutana nalo katika somo la miamba. Neno moja litakuwa limeunganisha masomo mawili.

Hata hivyo, lawama fulani inatuangukia sisi wenyewe wanaisimu. Tumezoea kuunda istilahi kamatini na kuzipeleka darasani zikiwa zimekamilika. Istilahi ya ramani hupimwa mwanafunzi anapoitumia kutenda jambo: kufungua tabaka, kulificha, kulilinganisha na lingine. Neno lisilosaidia tendo hilo litabaki kuwa pambo la kamusi.

3.0 Majina: nani anaita mahali?

OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, huruhusu kitu kimoja kubeba majina kadhaa, kila jina likiwa na msimbo wa lugha yake. Msimbo wa Kiswahili ni sw. Kitaalamu, basi, hakuna kinachozuia kijito kimoja kuandikwa kwa Kikakwa, Kilugbara, Kiswahili na Kiingereza. Kikwazo kiko katika utaratibu wa kazi. Mchoraji wa mbali anayefuatisha picha za setilaiti anaona paa na njia, lakini haoni jina. Jina lazima liulizwe, na kuuliza kunahitaji lugha.

Afrika Mashariki ina mifano ya kujifunzia. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera. Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, iliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi katika kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Miradi yote miwili inastahili sifa. Lakini hata Ramani Huria, yenye jina la Kiswahili fasaha, ilijengwa juu ya OpenStreetMap, ambayo lebo zake za kuainisha vitu huandikwa kwa Kiingereza kwa makubaliano ya watumiaji wake duniani. Jina la mradi likiwa la Kiswahili, bado uainishaji hufikiriwa kwa lugha nyingine.

Kiswahili nacho hakina sauti moja. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, mtoto anayeenda shuleni huenda ku masomo. Mwalimu akilisahihisha neno hilo kabla ya kulisikiliza, amempoteza mtoa taarifa wake wa kwanza. Aidha, kwa watoto wengi wa ukanda huu Kiswahili si lugha ya nyumbani. Ramani inayofuta jina la Kikakwa ili kuweka la Kiswahili itakuwa imerudia kosa la 1894 kwa kalamu mpya.

4.0 Umbali: somo la sayansi

Viwango vya Sphere vinavyoongoza misaada ya kibinadamu vinataka chanzo cha maji kiwe ndani ya mita 500 kutoka makazi, na choo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini. Programu huchora duara la mita 500 kuzunguka kisima kwa sekunde chache, na kila nyumba iliyo ndani huhesabiwa kuwa imehudumiwa. Lakini mtoto mwenye dumu la lita 20 hatembei juu ya mstari mnyoofu. Anazunguka bonde na kupanda mwinuko.

Hapa neno umbali linahitaji kugawanywa: umbali wa mstari na umbali wa kutembea. Darasa linaloweza kutaja tofauti hiyo linaweza kuipima kwa hatua, kuilinganisha na ramani na kuhoji takwimu. Vivyo hivyo kwa mita 30 za choo: simu ya kawaida ikiweza kukosea kwa mita kadhaa hata mahali pa wazi, mwanafunzi anajifunza kosa la kipimo kwa jambo linalogusa afya ya nyumbani kwao.

5.0 Pingamizi

Itasemwa kuwa mitihani ya taifa ya jiografia na sayansi ni ya Kiingereza, hivyo Kiswahili kitaongeza mzigo. Hoja hii ina uzito, hasa kwa mtoto aliyeanza masomo kwa Kifaransa upande wa Kongo. Hatupendekezi kuondoa Kiingereza. Tunapendekeza dhana ieleweke kwanza, kisha ipewe jina la mtihani.

Itasemwa pia kuwa kompyuta ni chache. Ni kweli, lakini ramani iliyochapishwa kwenye karatasi huweza kujazwa kwa penseli na baadaye kuingizwa kwenye kompyuta moja, na QGIS hufanya kazi bila intaneti data zikishapakuliwa.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Ramani huria husomwa na yeyote. Wanafunzi wachore visima, njia na shule; nyumba ya mkimbizi isiandikwe jina la mwenyewe.

6.0 Hitimisho

Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kupitia marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo utabaki wa kipindi kimoja ratibani kama Kiswahili hakitapewa kazi katika masomo mengine. Tunapendekeza mambo matatu: orodha fupi ya istilahi za ramani ijaribiwe darasani kabla ya kuidhinishwa, kila zoezi la kuchora liwe na safu ya majina kwa lugha za wenyeji na za wakimbizi, na walimu wa jiografia, sayansi na Kiswahili waandae somo moja kwa pamoja. Somo hilo linaweza kuanzia kisimani, kwa kumuuliza mtoto aliyeteka maji asubuhi ametembea umbali gani.