Tableti ya Wino na Chuo Changu cha PDF

Saa saba mchana pale Dunga, jua likipiga ziwa na ziwa likikurudishia usoni, simu inageuka kioo. Unaona pua yako tu. Tableti ya wino wa kielektroniki, jua likizidi ndivyo inavyosomeka. Nimekaa na moja ya kuazima kwa wiki tatu, na hilo naweza kuliapia.

Siri yake si kubwa. Ndani ya skrini mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme unazivuta juu au chini, kisha zinabaki papo hapo. Moto unaliwa hasa ukigeuza ukurasa, kwa hivyo chaji moja inaweza kukaa siku nyingi. Ukiishi Nyalenda na stima ipotee Ijumaa jioni, hiyo si anasa.

Sasa, nilikuwa naitafutia nini? Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani. Kadi ya maktaba ikaenda na karo. Nilichobaki nacho ni mafaili: makala kama mia mbili za PDF, nyingi zikiwa foto kopi zilizoskaniwa upande upande, kidole cha mtu kikionekana kwenye pembe. Hicho ndicho chuo changu siku hizi. Swali langu kwa kifaa chochote ni moja: kitanisomesha chuo hicho?

Wahakiki wa YouTube hawaulizi hivyo. Wanasifu utulivu: hakuna WhatsApp, hakuna kelele. Sawa. Lakini wanapima kwa riwaya iliyonunuliwa jana kwa kadi ya benki. Riwaya ya aina hiyo ni mpole: unakuza herufi, sentensi zinajipanga upya. Skani haijipangi, kwa sababu ni picha. Kwenye kifaa cha inchi 6, ukurasa wa A4 unakuwa kama ile karatasi ya maelezo ndani ya paketi ya dawa. Ukiukuza, unausukuma kushoto kulia hadi unasahau sentensi ilianza vipi. Kwa hivyo kama unasoma riwaya pekee, kidogo cha mtumba kinakutosha, usidanganywe. Kama unaishi kwa skani kama mimi, chini ya inchi 10 unatupa pesa ziwani.

Halafu kuna taa. reMarkable 2, iliyotoka 2020, ni nyembamba na inapendeza, lakini haina taa yake. Kindle Scribe ya 2022 inayo, na Kobo Elipsa 2E ya 2023 pia. Mtu wa kukatikiwa na stima asipuuze jambo hilo.

Kuandika je? Kalamu inakwaruza vizuri, karibu kama biro. Ila daftari langu nalijua kwa mkono: noti ile iko katikati, chini, karibu na doa la chai. Kwenye tableti kurasa zote zina sura moja. Nilijaza kurasa sitini na sikurudia hata robo. Mahali iliponishinda maneno ni pembeni mwa PDF zenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuo nilibishana na makala pale pale kwenye mstari, badala ya kusoma tu na kukubali.

Lakini kitabu ni cha nani? Mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za *1984* na *Animal Farm* za George Orwell kutoka Kindle za watu waliokwisha kulipa, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki. Walirudishiwa pesa, sawa, lakini kitabu kilishaenda. Februari 2025 kampuni hiyo hiyo ikaondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta ili uvihamishe kwa kebo. Mimi nina *The Promised Land* ya Grace Ogot, ya kununua kando ya barabara mjini. Ndani mna majina ya wanafunzi watatu, na mmoja alipigia mstari sehemu ambazo mimi ningeziruka. Sasa hivi iko kwa jirani. Tableti siwezi kumwazima jirani, maana ningemwazima chuo kizima.

Kwa hivyo nikinunua, nitachukua ya inchi 10, yenye taa, inayofungua EPUB na PDF kwa kebo bila kuomba ruhusa ya duka lolote. Ya mtumba, nikiikagua skrini kwanza: ikipasuka, mafundi niliowauliza hapa mjini hawana nyingine. Bei yake bado ni kodi ya chumba changu kwa miezi mingi, kwa hivyo naweka kidogo kidogo, makala kwa makala.

Jana niliirudisha kwa mwenyewe. Kabla ya hapo nilinakili noti zangu kwenye kaunta buku. Katika zile kurasa sitini, zilizostahili wino wa kawaida zilikuwa kumi na moja. Za pembeni mwa PDF nilizinakili zote.