Manda na Kipaza Sauti

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, iliwarahisishia wafanyabiashara wenye asili ya India safari ya uwanda wa kati, hivyo miji kama Dodoma na Tabora ikapata maduka yao pamoja na mapishi ambayo leo hayahesabiwi tena kuwa ya kigeni. Sambusa ni ushahidi wa karibu: manda, yaani chapati nyembamba zilizobabuliwa kidogo kikaangoni na kukatwa vipande, hukunjwa pembetatu, hujazwa nyama ya kusaga na vitunguu, kisha huzibwa kwa uji mzito wa unga ili zisifumuke ndani ya mafuta.

Filamu za Kihindi nazo zilipata wapenzi wengi. *Awaara* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilijaza majumba ya sinema nchini. Ilipokuja video, wakazuka wafasiri wa filamu, yaani wasimulizi wanaoweka Kiswahili juu ya sauti ya asili, miongoni mwao Lufufu wa Dar es Salaam. Kwa kazi yao, mtazamaji aliyebanana na wenzake katika kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video kwa kiingilio kidogo, humfuata steringi, yaani mhusika mkuu, wa Kihindi au wa Kichina bila kupotea.

Wapishi na wafasiri hao wanastahili pongezi, kwa kuwa wote wamekifanya cha mbali kikubalike ulimini.