Batili na Batilifu: Istilahi Mbili Zinazompotosha Mwanafunzi wa Sheria za Biashara

Miongoni mwa istilahi anazokutana nazo mwanafunzi wa sheria za biashara katika wiki zake za mwanzo, hapana zinazomtatiza kama hizi mbili: mkataba batili na mkataba batilifu. Tumezisomesha Gombani, kisiwani Pemba, kwa wanafunzi waliokulia katika mambo ya karafuu, deni na rahani. Dhana zenyewe huwaingia upesi. Istilahi ndizo zinazowachanganya.

Makubaliano batili ni yale ambayo sheria haiyapi nguvu yoyote tangu mwanzo. (Na tuseme kwa kupita kwamba “mkataba batili” ni msemo unaojipinga wenyewe, kwani mkataba ni makubaliano yenye nguvu ya sheria.) Kwa miaka mingi sheria za Zanzibar zililifanya Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kuwa mnunuzi pekee wa karafuu. Mkulima aliyemwuzia mtu wa magendo gunia lake usiku hakuwa na njia ya kudai bei mahakamani, wala mwenziwe hakuwa na njia ya kudai gunia. Mkataba wa kuvunjwa haukuwapo.

Kinachoitwa batilifu ni kitu kingine kabisa. Mtu amekodi mikarafuu kwa msimu mmoja baada ya kudanganywa na mwenye shamba juu ya idadi ya miti inayozaa. Mkataba huo u hai. Aliyedanganywa anaweza kuutengua, au kuushika akiona bado una faida. Mdanganyifu hana uchaguzi huo. Na iwapo aliyedanganywa ameujua ukweli, kisha akapandisha wachumaji mitini, amekwisha kuchagua.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mali iliyonunuliwa kwa ulaghai, ikiuzwa kwa mtu wa tatu mwenye nia safi kabla ya mkataba wa kwanza kutenguliwa, huwa yake kwa haki. Iliyotoka katika makubaliano batili haiwi hivyo. Mwaka 1903, katika shauri la Mohori Bibee na Dharmodas Ghose lililotoka India, baraza la rufaa la Mfalme mjini London lilihukumu kwamba rahani ya nyumba iliyowekwa na kijana asiyetimiza umri ni batili, na mkopeshaji akakosa kurudishiwa fedha zake. Neno moja likikosewa, nyumba hubadili mwenyewe.

Sasa tulitazame neno batilifu. Wanaolitetea husema limefuata mfano wa badilifu, yaani kitu kinachoweza kubadilika. Hoja hiyo ina uzito, lakini msikilizaji hana badilifu tu masikioni mwake. Anayo pia kamili na kamilifu, ambayo ni maneno mawili ya maana moja, na la pili likiwa na mkazo zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi akisikia batilifu huelewa kwamba mkataba huo umebatilika kupita kiasi. Kinyume cha maana iliyokusudiwa!

Wako wanaopendekeza fasidi, neno la wanazuoni wa fikihi. Hatukubaliani nao. Ni kweli kwamba Wahanafi hutofautisha batili na fasidi katika mauzo, lakini madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Wapemba wengi, kwa jumla huyachukua maneno hayo kuwa ni kitu kimoja. Tutakuwa tumerudi tulikotoka.

Fikihi hiyo hiyo, hata hivyo, ina neno khiyari: haki ya mmoja wa waliofunga mapatano kuyashika au kuyavunja, kama vile mnunuzi aliyegundua kasoro katika bidhaa. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo chimbuko la sheria za mikataba za Tanganyika na Zanzibar, inaueleza mkataba wa aina hii vivyo hivyo: sheria huutekeleza kwa khiyari ya upande mmoja, bila ya khiyari ya upande wa pili. Wanafunzi wetu hawakuhitaji maelezo marefu. Baadhi yao walikwisha kuwasikia wazee wakitaja bei khiyari, mauzo ya shamba ambayo muuzaji alibakiwa na haki ya kulikomboa kwa muda maalumu. Mauzo hayo aghalabu yalikuwa mkopo uliovikwa nguo nyingine.

Kwa hiyo tunapendekeza “mkataba wenye khiyari ya kutengua”. Ni istilahi ndefu, na tunajua wafasiri hupenda fupi. Lakini ukisema “mkataba wa hiari” tu, msomaji atafahamu mkataba uliofungwa bila ya kulazimishwa, na ndiyo sababu tunashikilia kh. Tumechagua tengua badala ya tangua kwa kuwa “mkataba uliotanguliwa” waweza kuwa uliovunjwa, au ule ambao mwingine umeutangulia.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara kwa mujibu wa sheria. Istilahi inayochapishwa leo katika tafsiri ya sheria itasomwa na hakimu, na mwenye shamba atakuwa amesimama mbele yake. Batilifu iondolewe kabla ya kuzoeleka.