Hisa za Aliyeingia Baadaye: Namna Mwasisi wa Pekee Anavyompokea Mwenza

Kampuni changa, yaani biashara mpya iliyosajiliwa kwa nia ya kukua haraka kuliko duka la kawaida, huweza kuanzishwa na mtu mmoja, lakini ni nadra kukomaa mikononi mwa mtu huyo peke yake, kwa kuwa ujuzi unaotosha kubuni bidhaa mara nyingi hautoshi kuiuza, kutunza hesabu zake na kuongoza watu. Anapofika hapo, mwasisi hulazimika kuchagua kati ya kuajiri meneja na kumwingiza mwasisi mwenza, yaani mtu atakayemiliki sehemu ya kampuni na kushiriki maamuzi yake makuu ingawa hakuwepo ilipoanzishwa. Uchambuzi huu unaeleza namna jambo hilo linavyofanywa chini ya sheria za Kenya, na hoja yake ni kwamba hisa za anayeingia baadaye hupimwa kwa kazi iliyobaki, hupatikana kadiri kazi hiyo inavyofanyika, na huandikwa mbali na madaraka.

Ili maelezo yasielee hewani, ichukuliwe kampuni ya kufikirika iliyo Soin, upande wa chini wa Kaunti ya Kericho, ambako ardhi huteremka kuelekea bonde la Nyando na wakulima hutegemea miwa na mahindi, ilhali nyanda za juu za Belgut na Bureti, pamoja na Konoin katika Kaunti ya Bomet, zimefunikwa na chai. Mwasisi wake ni fundi wa kompyuta aliyetunga programu ya simu inayoweka kumbukumbu za kilo za majani mabichi zinazopimwa vituoni, na anayemhitaji ni mtu anayefahamika na viwanda vya chai na vyama vya ushirika, awezaye kuketi na wakurugenzi wa kiwanda na kurudi na mkataba.

Sheria yenyewe ilimtambua mwasisi wa pekee katika miaka ya karibuni tu. Chini ya sheria ya zamani ya kampuni, iliyojulikana kama Sura ya 486, kampuni binafsi ilihitaji angalau wanachama wawili, ambapo mwanachama maana yake ni mwenye hisa. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 iliruhusu kampuni binafsi kuwa na mwanachama mmoja na mkurugenzi mmoja. Ruhusa hiyo ilirahisisha mwanzo, lakini pia ilimwezesha mwasisi kufanya kazi kwa miaka bila kuandikiana na mtu yeyote, hata siku mwenza anapokuja, kampuni haina mkataba wa wanahisa wala kawaida ya kupiga kura, na mara nyingi haina hata hati inayoonyesha kwamba programu ni mali ya kampuni.

Upungufu huo wa mwisho ndio wa kwanza kushughulikiwa. Kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki, aliyetunga kazi ndiye mmiliki wake wa kwanza, isipokuwa pale alipoitunga kama mwajiriwa au kwa kuagizwa, hivyo programu iliyoandikwa kabla ya kampuni kusajiliwa ni mali binafsi ya mwasisi mpaka aihamishie kampuni kwa maandishi. Mwenza anayepokea asilimia 20 ya kampuni isiyomiliki programu yake amepokea sehemu ya jina tu, na hilo hugunduliwa wakati mbaya zaidi, yaani mwekezaji au mnunuzi anapoomba hati.

Swali la pili ni ukubwa wa sehemu, na hapa waasisi hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaomhesabu mwenza kama mwajiriwa kwa kuwa hakuwepo katika miaka ya taabu, wakampa asilimia mbili na kumtaka ajitoe kama mwenye mali, na wapo wanaogawa nusu kwa nusu ili kuonyesha ukarimu, wakasahau kwamba kura zinazolingana haziwezi kuamua lolote pale wawili wanapotofautiana. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kutazama nyuma, ilhali thamani ya kampuni changa kwa sehemu kubwa iko mbele.

Historia ya benki ya Equity ni ushahidi mkubwa wa jambo hilo nchini Kenya. Equity Building Society ilianzishwa mwaka 1984 huko Kangema, Murang'a, na Peter Munga pamoja na wenzake, hivyo haikuwa ya mwasisi mmoja, lakini somo lake kuhusu anayechelewa ni lile lile. Kufikia mwaka 1993 Benki Kuu ilikuwa imeiona kuwa imefilisika kiufundi, maana yake hasara zake zimezidi mtaji: hasara zilizolimbikizwa zilikuwa shilingi milioni 33 dhidi ya mtaji uliolipwa wa shilingi milioni 3, na zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa haijalipwa kwa wakati. Katika hali hiyo Munga alimleta James Mwangi, mhasibu aliyetoka Trade Bank, kusimamia fedha na shughuli za kila siku. Taasisi ikaacha kutegemea mikopo ya nyumba, ikaelekea kwa wakopaji wadogo, ikageuka benki ya biashara mwishoni mwa mwaka 2004, na mwaka 2006 hisa zake zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2012 Mwangi alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya mjasiriamali bora ya Ernst & Young, ingawa alijiunga karibu mwongo mmoja baada ya taasisi kuzaliwa, huku Munga akibaki mwenyekiti wa bodi kwa miaka mingi. Kwa hiyo aliyechelewa anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi yote, na mwanzilishi haondolewi heshima yake ikiwa nafasi za wote wawili zimetenganishwa kwa uwazi.

Baada ya kukubaliana juu ya asilimia, hesabu yenyewe ina mtego. Ikiwa kampuni ya Soin ina hisa 10,000, zote za mwasisi, naye anataka mwenza awe na asilimia 20, kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kuhamisha hisa 2,000 kutoka kwa mwasisi, ambapo jumla hubaki 10,000, ushuru wa stempu wa asilimia moja ya thamani hutozwa, na mwasisi aliyeuza kwa faida huweza kudaiwa kodi ya faida ya mtaji, iliyo asilimia 15 tangu Januari 2023. Njia ya pili ni kampuni kutoa hisa mpya, na hapo idadi sahihi si 2,000 bali 2,500, kwa sababu hisa mpya huongeza jumla: 2,000 kati ya 12,000 ni asilimia 16.7, ilhali 2,500 kati ya 12,500 ndiyo asilimia 20. Njia hii huipendelea kampuni changa, kwani fedha anazolipa mwenza huingia katika kampuni wala si mfukoni mwa mwasisi, na taarifa ya utoaji huo hupelekwa kwa Msajili wa Kampuni ndani ya mwezi mmoja.

Hisa hizo 2,500 hazipaswi kutolewa siku moja. Mkulima wa chai anayeuza majani kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, hupokea malipo ya awali kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha bonasi mwaka wa hesabu unapofungwa, na mfumo huo unafafanua vizuri tofauti kati ya mshahara, unaolipia kazi ya mwezi, na hisa, zinazolipia matokeo ya muda mrefu. Kanuni inayotumika sana duniani ni hisa kukomaa kwa miaka minne, huku mwaka wa kwanza ukiwa wa kungoja, yaani anayeondoka kabla ya miezi 12 haondoki na hisa yoyote. Katika kampuni ya mfano, mkataba ungeagiza hisa 625 zitolewe kila mwaka unapotimia, jambo linaloondoa haja ya kuzidai tena kwa aliyeondoka. Mwenza akiondoka baada ya miaka miwili atakuwa na hisa 1,250 kati ya 11,250, sawa na asilimia 11.1, kiasi kinachomfanya bado aandikwe katika daftari la wamiliki halisi, ambalo humhusu yeyote mwenye angalau asilimia 10. Kwa kuwa thamani ya hisa zinazotolewa kwa ajili ya kazi huweza kuhesabiwa kuwa mapato, mhasibu ashirikishwe kabla ya mkataba kutiwa saini. Haki nayo hudai mwasisi ajifunge kwa kanuni hiyo hiyo, pengine kwa kuhesabu nusu ya hisa zake kuwa zimekomaa kutokana na kazi aliyokwisha kufanya na kuiacha nusu nyingine ikomae pamoja na za mwenzake.

Madaraka yana mizani yake. Azimio la kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, na kwa azimio hilo wanahisa wanaweza kumwondoa mkurugenzi, ilhali azimio maalumu, linalohitajika kwa mambo kama kubadilisha katiba ya kampuni, hudai angalau asilimia 75. Anayemiliki zaidi ya asilimia 25 anaweza basi kuzuia mabadiliko makubwa, lakini mwenye 20 hawezi, na akiitwa mkurugenzi anaweza kuondolewa kwa kura za mwasisi mwenye 80. Nyanda za chai ziliuona mfano wa umiliki wa aina hii mwaka 2023, kampuni ya chai ya James Finlay ilipokubali kuiuzia Browns Investments ya Sri Lanka kampuni yake ya Kenya kwa mpango uliotenga asilimia 15 kwa chama cha ushirika cha Kipsigis Highlands. Kwa mizani ya kura pekee, asilimia 15 humpa mmiliki haki ya gawio, lakini haimpi uwezo wa kuzuia azimio, na sauti yoyote zaidi ya hapo lazima itoke katika makubaliano.

Kwa sababu hiyo mkataba wa wanahisa, ambao ni hati ya siri kati ya wamiliki tofauti na katiba inayowekwa kwa Msajili, hutaja maamuzi yasiyofanyika bila ridhaa ya wote wawili, kama kuuza kampuni, kukopa kupita kiwango fulani au kutoa hisa nyingine. Hutaja pia nani ana neno la mwisho katika eneo gani, ili fundi asipangiwe programu na muuzaji, wala muuzaji asipangiwe bei na fundi. Migogoro nayo ipangiwe njia mapema. Jamii ya Wakipsigis, wenyeji wa nyanda hizo, inaijua kokwet, baraza la majirani linalosikiliza pande zote kabla ya kuamua, na Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 159, inahimiza upatanishi na njia za jadi, hivyo hakuna kinachozuia mkataba kuanza na mpatanishi anayeheshimiwa na wote kabla ya usuluhishi rasmi na mahakama.

Mpangilio wa hatua hizi una uzito kuliko ufasaha wa maneno yake: programu ihamishiwe kampuni, wawili hao wafanye kazi pamoja kwa miezi kadhaa ya majaribio kwa malipo ya kawaida, asilimia ikubaliwe kwa kuorodhesha kazi iliyobaki, mkataba utiwe saini, na hapo ndipo hisa ya kwanza itolewe. Mwasisi anayeona taratibu hizi kuwa dalili ya kutoaminiana anaiweka kampuni katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa imani isiyoandikwa humfunga tu yule aliye mwaminifu, wakati maandishi humlinda pia mwenza aliyeacha kazi ya uhakika ili kuja kujenga kitu asichokianzisha, na mtu wa namna hiyo anastahili kujua, kabla hajaacha chochote, ni nini hasa atakachokimiliki.