Nasaba au Ada? Uhakiki wa Masimulizi ya Ujumbe katika Pwani ya Mzizima

Historia ya vyeo vya Mrima huelekea kuandikwa kana kwamba cheo ni shamba: baba huliacha, mwana hulirithi. Mtazamo huo umeathiri usomaji wa ujumbe katika miji iliyotangulia Dar es Salaam, kama vile Kunduchi, iliyopo Kinondoni, na Mbwamaji, iliyokuwa sehemu ya Temeke kabla ya Kigamboni kuwa wilaya. Hoja ya msingi ya uhakiki huu ni kwamba matini za Kiswahili zenyewe hazithibitishi mtazamo huo.

Matini mbili zinahusika. Ya kwanza ni Desturi za Wasuaheli (1903), ambayo sehemu yake kubwa ilitokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ya pili ni simulizi ya kale ya Dar es Salaam, iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907. Simulizi hiyo inajenga uhalali kwa nasaba: Mashomvi wanatajwa kuwa na asili ya Barawa, na asili hiyo inafanywa kuwa chimbuko la haki yao ya kutawala. Kinyume chake, Desturi inaonesha kwamba mtu mwenye nasaba hakuwa jumbe mpaka atoe ada na kuwafanyia karamu majumbe waliomtangulia. Kwa hiyo, nasaba ilimpa mtu haki ya kuomba cheo. Waliomtambua kuwa jumbe ni wenzake.

Hata simulizi ya nasaba ina ufa ndani yake. Mashomvi waliposhambuliwa na Wakamba, waliokolewa na Pazi Kilama wa Wazaramo, na kwa ajili hiyo wakawajibika kumlipa. Mtawala anayemlipa jirani yake kwa ajili ya ulinzi si mmiliki pekee wa nchi. Msimulizi anayataja malipo hayo kama shukrani. Msomaji makini anaweza kuyaona kama ushahidi wa mamlaka ya pande mbili, yaani bahari na bara.

Ulinganisho na Uingereza ya zama za kati unasaidia, mradi usivutwe kupita kiasi. Huko kabaila wa mkoa aliweza kupewa theluthi ya mapato ya mahakama ya mkoa wake, na kabaila wa Chester alipofariki bila mtoto mwaka 1237, cheo chake kilitwaliwa na Ufalme. Mrima haikuwa na taji la kutoa wala kutwaa ujumbe kwa namna hiyo, na mji mmoja uliweza kuwa na majumbe kadhaa. Sultani Majid, aliyeanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, aliwakuta wenye vyeo ambavyo asili yake haikuwa Unguja. Ni utawala wa Kijerumani uliomgeuza jumbe kuwa mtumishi wa chini ya akida, mkusanyaji wa kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Neno lilibaki, maana ilihama.

Mabadiliko hayo yanagusa uhalali wa chanzo chenyewe. Simulizi ya 1907 ilichapishwa wakati dola ngeni ilipokuwa ikiamua nani ahesabiwe kuwa mwenye mji. Katika hali hiyo, nasaba ndefu ilikuwa pia hoja ya madai. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi yanashuhudia utajiri na heshima ya waliozikwa, lakini hayatoi orodha ya warithi, na haifai kuyalazimisha kuitoa.

Umuhimu wa suala hili unavuka mipaka ya fasihi simulizi. Katika Kinondoni na Temeke, swali la nani ni mwenyeji lingali linagusa ardhi, makaburi na majina ya mitaa. Mtafiti anayechukua nasaba bila ada, au Shomvi bila Pazi, anaupa upande mmoja hukumu ambayo matini hazikuitoa. Tena anawaacha nje watumwa na wageni, ambao jasho lao liligharimia karamu zilizowapa wengine vilemba.