Panga Kwanza, Tafuta Baadaye

Ugonjwa wa selimundu hutokana na herufi moja ya DNA iliyobadilika katika kromosomu ya 11. Kwenye ramani ya jenomu iitwayo GRCh38, herufi hiyo iko nafasi ya 5,227,002, ndani ya jeni ya HBB inayoanzia 5,225,464 na kuishia 5,227,071. Nafasi ikiwa moja, jicho linatosha. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wagonjwa wa selimundu wa Hospitali ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ulipekua jenomu za watu 1,213 ili kujua kwa nini baadhi yao hubaki na himoglobini nyingi ya aina wanayozaliwa nayo watoto. Kazi za namna hii huzaa nafasi kwa mamilioni, na kila moja sharti ijulikane imeangukia jeni gani.

Programu ya pupa hulinganisha kila nafasi na kila jeni: nafasi milioni 2 kwa jeni 20,000 ni ulinganisho bilioni 40. Fundi huanza kwa kupanga jeni kwa mianzo yake, kromosomu moja moja, kisha huikata orodha nusu kwa nusu. Hatua 15 zinatosha kwa kila nafasi. Jumla milioni 30. Nafasi nazo zikipangwa, kazi inapungua zaidi: vidole viwili vinashuka sambamba, kama vya karani wa stoo ya Kariakoo anayeoanisha leja mbili, na hakuna kinachorudi juu. Ukiacha gharama ya kupanga, zinabaki hatua milioni 2 na ushee. Ni ufundi mzuri mno, na hauhitaji mashine ya bei kubwa.

Tatizo ni kwamba jeni huingiliana. Jeni ndefu huweza kuibeba fupi ndani yake, hivyo mwanzo ulio karibu zaidi hautoi jibu kamili. Kipande kilichoanza mbali nyuma huenda bado hakijaisha. Kwa hiyo vidole vikishuka, programu hutunza orodha ndogo ya vipande vilivyo wazi: kipande huingia mwanzo wake ukifikiwa, hutoka mwisho wake ukipitwa. Njia nyingine ni mti ambao kila tawi linakumbuka mwisho wa mbali kuliko yote yaliyo chini yake. Mwisho huo ukiwa nyuma ya nafasi inayotafutwa, tawi zima linarukwa bila kufunguliwa.

Mipaka nayo inataka uangalifu. Mafaili ya VCF, yanayoorodhesha nafasi zilizobadilika, huhesabu kuanzia 1. Ya BED, yanayoorodhesha vipande kama jeni, huanzia 0 na hayaihesabu namba ya mwisho, hivyo HBB ileile huandikwa 5,225,463 hadi 5,227,071. Kwa hesabu ya VCF, programu hujaribiwa kingoni kwanza: 5,225,464 na 5,227,071 ziwe ndani, 5,225,463 na 5,227,072 ziwe nje.