Uwazi Usio na Mlinzi: Uhakiki wa Usasishaji wa Vifurushi vya DHIS2 kwa Kurejelea Karema

Uhakiki huu unapinga dhana kwamba programu huria ni salama kwa kuwa tu msimbo wake uko wazi. Takwimu za MTUHA zinazoandikwa Karema, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, huunganishwa na za nchi nzima katika DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mfumo huo umebeba vifurushi vilivyotungwa na wengine, kikiwamo Log4j, ambacho kasoro yake ilitangazwa Desemba 2021. Toleo lililorekebishwa haliilindi seva yoyote mpaka msimamizi wake alisakinishe. Uwazi, basi, hutoa haki ya kurekebisha bila kumtaja mwenye wajibu. Inahitimishwa kwamba usasishaji utengewe mtaalamu na bajeti. Vinginevyo, takwimu zilizojazwa kwa uaminifu Karema zitalindwa kwa bahati tu.